Ile Picha ya Nywele Tuliyoicheka Hapa, Vidole Vilikuwa vya Mamdogo Wangu

Najua mmefungua hapa mkitafuta ubuyu. Ubuyu upo, ila wa leo unanihusu mimi mwenyewe na hauna sukari.

Mwaka jana kuna staa mmoja, jina kapuni, aliweka picha ya kisogo chake kwenye insta stori. Alikuwa kasukwa twende kilioni ndogo ndogo, na mistari imepinda kama barabara ya kupanda Lushoto. Aliandika maneno machache tu: kalipa hela yake, kakaa masaa matano, na hiki ndicho alichopewa. Msusi hakumtaja. Mimi nikaidaka ile picha kabla haijapotea, nikaileta hapa hapa na kichwa cha habari cha herufi kubwa kuhusu wasusi wa mjini wanaotoza bei ya harusi kwa kazi ya kujifunzia. Mnakumbuka. Komenti zilipita mia mbili. Mmoja akasema huyo msusi alikuwa anasuka huku anaangalia tamthilia. Mwingine akasema hivyo vidole ni vya kufinyangia tonge la ugali, sio vya kushika nywele za watu. Hiyo ya ugali ilinivunja mbavu, nikaibandika juu kabisa ili kila anayeingia aanze nayo.

Siku tatu baadaye nikapita saluni kwa mamdogo wangu. Haikuwa siku ya kufunga, lakini feni imezimwa, TV imezimwa, na yeye kakaa kwenye kiti cha wateja anatazama barabarani. Nikampa shikamoo, akaitikia. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, ile ya ugali itoe basi. Nyingine ziache."

Sikumwelewa mara moja. Halafu nikamwelewa.

VIDOLE VILIVYOKUWA VINAONA

Mamdogo anasuka tangu sijazaliwa. Alianza barazani, mteja kakaa chini kwenye mkeka na kichwa kakiegemeza kwenye mapaja yake. Ikaja kuwa kibanda, ikaja kuwa fremu yake pale Sinza, yenye vioo na friji la kuuzia barafu za ukwaju. Mimi nimekulia humo. Kabla sijajua kusoma vizuri nilikuwa najua kuchambua rasta na kumpa moja moja zenye unene sawa. Amesuka maharusi, watangazaji, dada wa Bongo Movie mnaowafahamu. Siri za watu wakubwa amezimeza nyingi, na mimi mwenye blogu kwenye familia sijawahi kupewa hata moja.

Kitu nilichokuwa nakipenda ni kwamba alikuwa haangalii. Anasuka huku anaongea na mtu mlangoni, anabishana bei na muuza matunda, na mstari unanyooka kama umepigwa rula. Vidole vilikuwa vinaona vyenyewe.

Mwaka juzi akakuta uvimbe kwenye ziwa la kushoto. Akafanyiwa upasuaji, akaanzishiwa tibakemikali, au kemo kama wengi tunavyosema. Dawa ya kwanza ilikuwa nyekundu kama juisi ya rozela. Nywele zikaondoka zote, akawa anacheka kwamba msusi kageuka tangazo la kinyozi. Familia nzima tulikuwa tunasubiri nywele zirudi, tukijua zikirudi ndo mambo yameisha.

Kisha ikaja dawa ya pili, inaitwa paklitakseli, dripu nne, moja kila baada ya wiki tatu. Siku ya kuanza tulielezwa mengi: kutapika, damu kupungua, kujikinga na maambukizi, homa ikipanda kimbia hospitali. Ganzi nayo ilitajwa, naamini kabisa ilitajwa, ila ilikuwa katikati ya mambo mengi na masikio yetu yalishajaa.

Baada ya dripu ya pili akaanza kusema miguu imelala. Ukiuliza imelalaje, anasema kama ukikaa vibaya halafu ukasimama, vile vijisindano, ila havikatiki. Siku moja alitoka dukani akafika nyumbani na kandambili mguu mmoja. Ya pili ilibaki njiani, hajui wapi, hakusikia ikivuka. Tulicheka mpaka machozi, na yeye akacheka. Akaacha blauzi za vifungo, akawa mtu wa dera tu. Namba ya siri ya simu akawa anaikosea mpaka simu inajifunga, sisi tunasema mawazo hayo.

Iliyonitisha ni siku ya maji ya moto. Mnajua ukimaliza rasta unachovya ncha kwenye maji ya moto ili zisifumuke. Baada ya dripu ya tatu alikuwa anakuja saluni kidogo kidogo, maana kodi ya fremu haijui kuumwa. Siku hiyo akachovya zile ncha huku anaongea na mteja. Mteja ndo akapiga kelele, "Dada, mkono!" Vidole viwili vilikuwa vimezama kwenye maji. Jioni vikatoka malengelenge. Yeye hakuwa amesikia kitu.

Nikamuuliza hospitali kawaambia? Akanijibu, "Nikisema watanipunguzia dawa. Mimi nataka hiki kitu kife."

Naomba mlishike hilo jibu, maana nitalirudia.

BAILOJIA YANGU NI D

Baada ya ile siku ya "ugali itoe" nilifuta post yote, nikaanza kusoma usiku. Mimi Form Four bailojia nilipata D, kwa hiyo nawaeleza kwa lugha niliyoelewea, na pale niliponasa kuna nesi mmoja msomaji wa humu alinisaidia.

Paklitakseli ilipatikana kwenye gome la mti unaoitwa Pacific yew, unaoota upande wa magharibi wa Marekani. Wanasayansi Monroe Wall na Mansukh Wani walichapisha muundo wake mwaka 1971, na Marekani ikaipitisha kuwa dawa mwaka 1992. Kazi yake ni kuzuia seli isigawanyike. Ndani ya seli kuna vijiti vyembamba sana vinavyojengwa na kubomolewa kila wakati, na seli haiwezi kugawanyika bila kuvitumia. Dawa inavigandisha. Seli ya kansa ambayo haraka yake ni kuzaana inakwama hapo, inakufa. Mpaka hapo safi.

Shida ni kwamba vijiti hivyo hivyo vipo kwenye mishipa ya fahamu, na kule kazi yake ni kama reli. Mshipa unaohisi ncha ya kidole, makao makuu yake yapo karibu na uti wa mgongo. Kila kinachohitajika kule kwenye kidole kinasafirishwa kutoka huko, na mshipa wa kwenda kwenye kidole cha mguu unaweza kufika urefu wa mita moja. Reli ikivurugika, aliye mbali ndo anaumia kwanza. Ni kama bomba la mtaani kwetu, presha ikishuka nyumba ya mwisho ndo inakosa maji kabla ya wote. Ndo maana ganzi inaanza kwenye ncha za vidole vya miguu na mikono, inapanda taratibu, mpaka mgonjwa anajisikia kama kavaa glavu na soksi asizoweza kuzivua.

Hiyo ni njia moja tu ambayo mshipa unaumia, zipo nyingine. Kuna kitu ndani ya mshipa kinaitwa SARM1, kinafanya kazi kama swichi ya kujibomoa. Panya waliozaliwa bila hiyo swichi, wakipewa paklitakseli, mishipa yao inavumilia zaidi. Kwa hiyo watu wanatafuta dawa ya kuizima kwa binadamu. Kwa sasa hiyo ni habari ya maabara, sio ya duka la dawa.

Na msidhani ni mamdogo tu. Mwaka 2014 watafiti walikusanya tafiti 31 zenye wagonjwa zaidi ya 4,000 wa kemo za aina mbalimbali. Mwezi wa kwanza baada ya kumaliza dawa, karibu asilimia 68 walikuwa na tatizo hili. Baada ya miezi mitatu, asilimia 60. Baada ya miezi sita au zaidi, asilimia 30. Yaani kwa wengi linapungua, lakini kuna watu linakaa nao.

VIDONGE VYA INSTA

Sasa swali: hakuna kidonge cha kuzuia? Hapa nina aibu yangu nyingine. Kipindi mamdogo anaumwa nilimtumia hela dada mmoja wa insta anayeuza vidonge vya "kufufua mishipa". Tangazo lake hata hapa liliwahi kupita.

Sikilizeni hii. Mwaka 2013 yalichapishwa majibu ya utafiti wa Marekani, wanawake 409 wenye kansa ya matiti wanaotumia dawa za jamii ya hiyo ya mamdogo. Nusu wakapewa kirutubisho kinaitwa asetili-elikarinitini, kilichokuwa kinasifiwa kwamba ni rafiki wa mishipa ya fahamu. Nusu wakapewa kidonge kisicho na kitu. Baada ya wiki 24, waliomeza kirutubisho walikuwa na hali mbaya zaidi ya wale waliomeza hewa. Mbaya zaidi, jamani. Na kwa wanaotumia dawa nyingine inayoitwa oksaliplatini, ya kansa ya utumbo mpana, watu walikuwa na imani na dripu ya kalsiamu na magineziamu. Ikajaribiwa kwa wagonjwa 353, haikusaidia.

Mwaka 2020 chama cha madaktari wa kansa cha Marekani, ASCO, kilipitia ushahidi wote na kusema hakuna dawa wala kirutubisho wanachoweza kukipendekeza kwa ajili ya kuzuia hii ganzi. Kipo kidonge kimoja, duloksetini, kilichoonyesha kupunguza maumivu kwa walioshaumia. Hicho ni cha kutibu maumivu, sio cha kuzuia, na anaandika daktari. Kwa hiyo ukiona mtu anauza chupa kwa namba ya simu, hela yako kanunulie matunda.

BARAFU NA GLAVU

Kilichonitoa machozi ni hiki kinachofuata, kwa sababu ya urahisi wake.

Wajapani wa Kyoto, mtafiti wao anaitwa Akiko Hanai, walichukua wanawake wanaochomwa paklitakseli kila wiki. Wakawavalisha glavu na soksi zilizogandishwa kwenye friji, upande mmoja tu wa mwili, dakika 90, kuanzia kabla dripu haijaanza mpaka baada ya kuisha. Upande wa pili haukuvalishwa kitu. Kwa hiyo kila mtu alikuwa anajilinganisha na mwili wake mwenyewe. Wazo ni kwamba baridi inabana mishipa ya damu, dawa inayofika kwenye vidole inakuwa kidogo, wakati kwingine inaendelea na kazi yake. Majibu yakatoka mwaka 2018, wanawake 36. Mkono uliovaa barafu, waliopungukiwa uwezo wa kuhisi ni asilimia 27.8. Mkono mtupu, asilimia 80.6. Miguu, 25 kwa 63.9.

Wajapani wengine walikuwa wameshajaribu kitu rahisi zaidi mwaka 2016: glavu za upasuaji, zile za kawaida, saizi moja chini ya yako, mbili juu ya mkono mmoja, zikaubana wakati dawa inaingia. Wanawake 42. Ganzi ya kiwango cha kusumbua ikatokea kwa asilimia 21.4 kwenye mkono uliobanwa na 76.1 kwenye ule mwingine.

Nilivyosoma hivyo niliifunga simu. Nilikumbuka lile friji la saluni limejaa barafu za ukwaju. Nikakumbuka mamdogo kwenye kiti cha dripu, mimi pembeni yake nabishana na watu kwenye komenti, na mikono yake miwili imekaa tu juu ya mapaja.

Ila nikaendelea kusoma, na nyie msiishie hapo, kwa sababu mambo hayajanyooka hivyo. Waholanzi walijaribu glavu za barafu kwa wagonjwa 180 na hawakupata ile tofauti kubwa waliyoitarajia. Karibu theluthi moja ya waliovalishwa waliacha katikati, sana sana kwa kukosa raha. Wajerumani wa Heidelberg wakaja na wagonjwa zaidi ya 100, wengine mkono mmoja unapozwa, wengine mkono mmoja unabanwa. Wakapata faida, ila sio ya kishindo kama ya Kyoto. Kwenye kupoza, ganzi ya kusumbua ilishuka kutoka asilimia 50 mpaka 29. Kwenye kubana, kutoka 38 mpaka 24. Na Marekani mwaka 2023 walianzisha utafiti mkubwa zaidi, wa watu zaidi ya 700, wenye mashine inayopoza na kubana kwa pamoja, ili ijulikane kipi kinafanya kazi kweli.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi, jibu ni kwamba kuna dalili nzuri na bado wanapima. Na tafadhali, asije mtu akachukua barafu ya kifuko akamshikisha mama yake mikononi lisaa lizima kwa sababu kasoma hapa. Barafu ikigusa ngozi muda mrefu inaiunguza, na mtu mwenye ganzi hatasikia akiungua, kama mamdogo na yale maji ya moto. Halafu kuna hiyo oksaliplatini niliyoitaja: anayeitumia, baridi yenyewe ndo inaamsha maumivu, hata kushika soda ya baridi ni shida. Kwa huyo barafu ni adui. Ndo maana swali lazima lifike kwa daktari kabla ya dripu ya kwanza.

MAZOEZI, NA HABARI YETU WEUSI

Kuna mawili mengine nataka mjue.

La kwanza ni mazoezi. Mwaka 2024 yalichapishwa majibu ya watafiti wa Ujerumani na Uswisi kwa watu 158 wanaotumia oksaliplatini au dawa za kundi la vinkristini. Wengine walifanya mazoezi ya kusimama kwa balansi, wengine walisimama kwenye mashine inayotikisika, wengine hawakupewa zoezi. Waliopata tatizo: asilimia 30 kwa wa balansi, 41 kwa wa mashine, na 71 kwa wale wa tatu. Nyuma kidogo, mwaka 2018, Wamarekani 355 walijaribiwa kutembea na kuvuta mipira ya mazoezi nyumbani kwa wiki sita za kemo, na waliofanya hivyo walilalamika kidogo kuhusu hisia za joto na baridi mikononi na miguuni. Kutembea hakuuzwi dukani. Mgonjwa wenu akiwa na nguvu na daktari akiruhusu, mshikeni mkono mzunguke naye mtaani badala ya kumwambia kila saa "pumzika".

La pili linatuhusu kwa rangi. Tafiti za Marekani zimeonyesha wanawake weusi wanaumia zaidi na ganzi ya dawa hizi kuliko weupe. Tafiti nyingi za zamani zilijaa weupe, weusi wachache wa kuhesabu. Ukafanyika utafiti wa wanawake weusi peke yao, zaidi ya 200, majibu yakatoka mwaka 2024. Waliotumia paklitakseli ya kila wiki, asilimia 44 walipata ganzi ya kusumbua. Waliotumia ndugu yake, dositakseli, inayotolewa kila wiki tatu, ilikuwa 29. Hao ni weusi wa Marekani, na mimi sio wa kuwaambia mbadilishe dawa, maana dositakseli nayo ina makali yake. Ila inaonyesha kwamba kuna swali la kuuliza, na kwamba kuzuia sio lazima kuwe kifaa kipya. Wakati mwingine ni kuchagua, kati ya dawa zilizopo, ipi ya nani.

TURUDI KWENYE LILE JIBU

"Nikisema watanipunguzia dawa."

Hilo halikuwa wazo la kijinga. Kwa sababu hakuna kidonge cha kuzuia, ganzi ikizidi daktari anachoweza kufanya ni kupunguza dozi, kuchelewesha, kusimamisha au kubadilisha. Mamdogo alilijua hilo bila kusoma popote. Kwa hiyo alikaa kimya dripu ya pili, ya tatu na ya nne, akawa anajibu "sijambo" kila akiulizwa, na kila dripu ikaongeza juu ya ile iliyopita. Alipima mwenyewe, uhai upande huu, vidole upande ule, na akachagua bila kumshirikisha mtu.

Ndo maana hizi habari za glavu na barafu na balansi mimi nazichukulia serious. Watu wengine wanaona ni mambo madogo, mtu kapona kansa mnaongelea vidole. Lakini vidole ndo vilikuwa vinalipa kodi ya fremu, ada ya binamu yangu, na zile dawa zenyewe za kununua. Kama kuna njia ya mtu kumaliza dripu zake zote na bado akahisi unywele mmoja kati ya kidole gumba na cha shahada, basi hatalazimika kuficha.

Na kuficha hakukumsaidia. Alivyokuja kusema, mwezi wa pili baada ya kumaliza, daktari alimsikiliza vizuri kabisa. Hakumgombeza. Alimwambia tu kwamba angependa kulisikia mapema, kwa sababu mapema kulikuwa na vitu vya kujadili, na sasa kilichobaki ni kusubiri mishipa ijirudie kwa muda wake.

Inajirudia, polepole. Miguu ina nafuu, kandambili hazipotei tena. Mkono wa kushoto umerudi zaidi ya wa kulia. Rasta ndogo ndogo hasuki, ana binti anayemsaidia, yeye anashika mabutu na nywele za watoto, na kichwa anakiangalia sasa, hasuki tena kwa kupiga stori na mlangoni. Maji ya moto anapima kwa kiwiko, kama mtu anayeogesha kichanga.

Nilitaka kumwandikia yule staa nimweleze, labda hata yeye aseme neno. Mamdogo akakataa. Hela ya yule dada alimrudishia siku ile ile na walishamalizana. Kasema mteja hadaiwi huruma, anadaiwa nywele nzuri.

Hii post ameiruhusu kwa masharti matatu. Jina lake lisiwepo. Picha yake isiwepo. Na niseme ukweli kwamba mistari ilipinda.

Basi: mistari ilipinda.

Kama nyumbani kwenu kuna mtu anaanza kemo wiki hii, maswali ya kwenda nayo ni haya. Hii dawa ni ya kundi linaloleta ganzi? Kupoza au kubana mikono na miguu kunamfaa, au dawa yake haipatani na baridi? Mazoezi gani aanze nayo? Na ganzi ikianza, tumwambie nani, na nini kitafuata? Ulizeni mbele yake, ili ajue kusema sio kosa. Na kila baada ya dripu msimuulize "hujambo". Mpeni kifungo afunge, mpeni sarafu aichomoe mfukoni, muone.

Kama wewe au mtu wako mmepitia hii ganzi, nidondoshee komenti: ilianza dripu ya ngapi, na ulimwambia nani? Nitazisoma zote, na safari hii nitakayoibandika juu nitachagua kwa akili. Na yule wa ugali, najua bado unapita humu. Karibu na wewe, komenti yako nimeitoa, sina kinyongo. Tulicheka wote.